Kifaru cha Paini na Waliokwenda kwa Miguu

Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma inaupasua katikati, ile ya Njombe na Songea inachepukia hapo hapo, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina stesheni yake mjini humo. Malori ya Zambia na Kongo yamejipanga kandokando ya lami. Madereva wamejikunyata ndani ya makoti ya mtumba, wanakunywa chai ya tangawizi kwa mama ntilie. Julai ni mwezi wa baridi kali nyanda hizi, na upepo wa Makambako unajulikana mbali: unaingia kwenye mikono ya sweta na kutokea shingoni.

Mtoto anayekulia mahali kama hapa huyajua magari kabla ya kuzijua herufi. Nyuma ya vibanda vya stendi wavulana walikuwa wakisukuma malori ya waya. Bodi zilikuwa za waya wa uzio uliokunjwa kwa koleo, matairi yamekatwa kwenye ndala zilizochakaa, taa ni vizibo vya soda, na usukani umeinuliwa kwa waya mrefu hadi kifuani ili dereva aendeshe huku anatembea. Moja lilikuwa na trela. Jingine lilibeba kopo la mafuta ya kupikia lililolazwa ubavu, yaani tangi la mafuta linalokwenda Lubumbashi. La mwisho ndilo lililonisimamisha. Lilikuwa fupi, limesuguliwa kwa majani mabichi hadi likapata ukijani uliofifia, na mgongoni lilikuwa na turubai la kipande cha gunia. Chini ya turubai walikaa watu wa udongo, safu mbili zinazoelekeana, kila mmoja na kijiti begani.

"Hili gari la nani?" nikamuuliza mwenyewe.

"La jeshi," akajibu. "Na huyu wa mwisho ni babu. Anakwenda Uganda."

Shangazi yake, aliyekuwa akiuza viazi vya kukaanga hatua chache kutoka hapo, alinieleza zaidi. Babu alikwenda vita vya Kagera akiwa mgambo, akarudi, akalima, akafa kabla mjukuu huyu hajazaliwa. Mtoto hakuwahi kumwona. Amemfahamu kwa hadithi za jikoni, kisha akamfinyanga na kumpakia garini.

Magari ya kijeshi yaliyoundwa kwa mikono nimewahi kuyaona kwingine, na mengi huwa matupu. Fundi huhangaika na bomba la mzinga, riviti na rangi, akasahau kwamba gari la vita lilikuwa na watu. Mtoto wa Makambako alianza na mtu, halafu akamtafutia gari. Nilipanda basi la Njombe nikiwa na wazo hilo kichwani.

Kutoka Makambako hadi Njombe ni yapata kilomita 60, na kwa sehemu kubwa ni kupanda, kwa kuwa mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Leo ni safari ya lami. Mwaka 1978, vita vya Kagera vilipoanza, ilikuwa ya udongo, kwa sababu lami ya Makambako hadi Songea iliwekwa miaka ya 1980. Askari aliyetoka Songea kuelekea kaskazini kwa gari alipita humu humu, kwenye vumbi wakati wa kiangazi na kwenye tope wakati wa masika.

Kwa macho ya msafiri, nchi hii ni miti. Karibu na Kibena, kabla hujaingia mjini, yako mashamba ya miwati ya kampuni ya TANWAT, iliyoanzishwa mwaka 1949 ili kupata tanini kutoka kwenye maganda ya mti huo kwa kazi ya kutengeneza ngozi. Baada ya hapo wenyeji nao wamepanda paini na milingoti mashambani mwao, jirani na viazi, mahindi, chai na parachichi. Mashine za kupasulia magogo zinanguruma vilimani, na pembeni ya kila moja kuna rundo la mabanzi ambayo watu huyachukua kwa kuni na kwa kuzungushia mabanda ya nguruwe. Mwenye mikono ya ufundi hapa hakosi mbao.

Karakana niliyoelekezwa ilikuwa ya kawaida: vitanda, milango, makabati ya vyombo, maranda hadi kwenye vifundo vya miguu, harufu ya utomvu na vanishi. Juu ya rafu, mbali na vumbi la msumeno, kilikaa kifaru. Kilikuwa cha paini, bado hakijapakwa rangi, na mistari ya mbao ilionekana ubavuni mwake. Fundi, mtu mzima mwenye watoto wa sekondari, alikishusha kwa mikono miwili na kukiweka juu ya benchi kati yetu.

Alikuwa anakijenga kwa ajili ya baba yake, aliyepigana Kagera. Alichagua Type 59 ya Kichina, kifaru ambacho jeshi letu lilikuwa nacho katika vita ile. Alitafuta vipimo kwenye simu, akaenda steshenari kuchapisha picha, kisha akagawanya kila kipimo kwa 20. Mwili wa kifaru chenyewe una urefu wa mita 6, kwa hiyo wa mbao una sentimita 30. Upana wa mita 3.27 umekuwa sentimita 16 na ushee. Ukihesabu na bomba la mzinga lililochomoza mbele, kifaru cha kweli kinafika karibu mita 9. Cha fundi kinafika sentimita 45. Mafundi wa kazi hii huko Japani na Ulaya hupenda zaidi kugawanya kwa 35, na hununua boksi la vipande vya plastiki vilivyokwisha kupimwa kiwandani. Yeye alichagua 20 kwa sababu ndicho kipimo ambacho patasi zake zinaweza kukitendea haki.

"Nilianza na magurudumu," aliniambia. "Ukikosea magurudumu, mzee atakwambia hiki si chenyewe."

Alinionyesha kwa kidole. Kila upande una magurudumu matano makubwa, na la kwanza limeachana na la pili kwa nafasi iliyo wazi kuliko nyingine. Type 59 imerithi umbo hilo kutoka kwa T-54 ya Kirusi, na aliyewahi kulala karibu na kifaru hicho hawezi kuisahau nafasi ile. Minyororo ilimpa kazi zaidi. Mnyororo wa baiskeli, ambao wengi wangeukimbilia, aliukataa kwa kuwa ni mwembamba: mnyororo wa kifaru una upana wa sentimita 58, hivyo wa mbao unapaswa kukaribia sentimita 3. Akakata utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli, akaugandisha vijiti vya mwanzi kimoja kimoja, vyote vya urefu mmoja, hadi ukazunguka. Nilipokisukuma kifaru juu ya benchi, minyororo ilizunguka na kutoa sauti ya kukwaruza.

Kando ya rafu alikuwa ameweka vitawi vya mwanzi vilivyokatwa kwa urefu wa sentimita 15. Mwanzi ni mmea wa nyumbani kwa Wabena. Ndio unaowapa ulanzi kila masika. Lakini vile vilikuwa vya kazi nyingine. Anataka kujenga gari la BM-21, lile linalorusha makombora kutoka kwenye mabomba 40 yaliyopangwa kwa safu nne za kumi kumi, ambalo Waganda walilibatiza jina la Saba Saba. Bomba la kweli lina kipenyo cha milimita 122 na urefu wa karibu mita 3. Gawanya kwa 20, unapata kitawi cha mwanzi cha milimita 6. Alikuwa amekwisha kuchagua na kusugua kwa msasa zaidi ya nusu yake.

Katika usahihi huo mimi niliona heshima. Mtu anayetumia jioni nzima kusugua kijiti cha milimita 6 ili kifanane na chuma alichokisikia baba yake kikivuma juu ya kichwa chake, anajifundisha kwa vidole jambo ambalo kitabu cha historia humpa kwa sentensi moja. Tangu siku hiyo vita ya baba ina urefu, upana na uzito.

Mzee mwenyewe anaishi kijijini, nje kidogo ya mji. Tulimkuta akiota jua ukutani, amevaa koti zito na kofia ya sufi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanisalimu upya kwa kwao, kamwene, nami nikajibu vivyo hivyo. Mwanawe akamwekea kifaru mapajani. Mzee akakipapasa mbele hadi nyuma, akahesabu magurudumu, akaizungusha minyororo kwa kidole gumba. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Ndicho hiki," akasema. Halafu akamtazama mwanawe. "Lakini mimi sikukipanda, mwanangu. Hiki kilitutangulia. Usiku tulikuwa tunaisikia injini yake mbele, tunajua hatuko peke yetu. Sisi tulitembea."

Ilikuwa kweli kwa maelfu. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Serikali ikachukua mabasi na malori ya raia kupeleka askari mbele, na mikoa yote ikatoa wanamgambo kuongeza nguvu ya Jeshi la Wananchi. Magari hayo yaliwafikisha mpakani. Baada ya kuvuka Mutukula, askari wengi wa miguu waliendelea kwa miguu: Masaka, kisha Lukaya, ambako usiku wa Machi 10, 1979 Brigedi ya 201, iliyokuwa na wanamgambo wengi, ilirudishwa nyuma kwa makombora kabla ya kujipanga upya na kushinda kesho yake pamoja na Brigedi ya 208, na mwishowe Kampala, iliyoanguka Aprili 11. Kutoka mpakani hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200. Mkulima wa viazi kutoka Njombe aliutembea mwendo huo akiwa na bunduki, risasi, blanketi na zamu yake ya kubeba sanduku la kikosi.

Fundi alikaa kimya kidogo, kisha akauliza maswali ambayo hakuwahi kumuuliza baba yake. Mlitembea safu moja au mbili? Sufuria ilibebwa na nani? Viatu vilidumu? Mzee akajibu moja baada ya jingine, tena kwa kirefu. Tulipoondoka fundi alikuwa amekwisha kupiga hesabu: mtu wa mita 1.70 kwa kipimo chake ni sentimita 8 na nusu. Anakusudia kuchonga safu ya watu wa miwati, mti mgumu unaoshika sura ndogo vizuri kuliko paini, na kuwapanga nyuma ya kifaru kwenye ubao mmoja.

Hapo ndipo nilipoona thamani kubwa ya kazi hii. Kifaru kilimfungua mzee kinywa, na alipofungua kinywa akakisahihisha kifaru. Sanamu ya shaba ya mjini haina nafasi ya kusahihishwa na aliyekuwepo. Kazi ya mikono iliyowekwa mapajani mwa mzee inayo nafasi hiyo, mradi mzee bado yupo.

Nyanda hizi zina vita vingine ambavyo hakuna tena wa kuwekewa kitu mapajani. Mwaka 1905 Wabena wa Mtwa Mbeyela waliingia katika Maji Maji na kushambulia misheni ya Yakobi, karibu na Njombe. Mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Waingereza chini ya Northey yalipanda kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini hadi Njombe, na Novemba ya mwaka huo vita vikawaka Lupembe, wakati kikosi kimoja cha Wajerumani kilisalimu amri Ilembule, katika wilaya ya sasa ya Wanging'ombe. Oktoba 1918 von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alipita hapa akirudi kutoka Msumbiji, akamwacha jenerali wake, Wahle, akiwa mgonjwa. Kisha vikaja Vita vya Pili vya Dunia, na vijana wa Tanganyika wakaingia Keya, jeshi la kikoloni la Waingereza, wakapelekwa Uhabeshi, Madagaska na Burma, ambako Desemba 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilifika Kalewa, kwenye mto Chindwin, baada ya kupita bonde la Kabaw katika mvua za monsuni.

Fundi akitaka kuwaheshimu watu wa mwaka 1916, atajenga gari gani? Katika milima hii karibu hapakuwa na gari. Wanyama wa mizigo waliuawa na ndorobo na magonjwa, malori hayakuwa na barabara, na kilichopeleka risasi na unga hadi Lupembe kilikuwa bega la mpagazi mwenye mzigo wa kilo 25 hivi. Upande wa Waingereza peke yao, makadirio yanayotumiwa sana yanataja wapagazi wapatao 95,000 waliokufa katika vita ya Afrika Mashariki, wengi kwa maradhi na njaa. Iringa mjini yapo makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, yenye mawe ya majina. Wapagazi hawakupata mawe ya namna hiyo. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri, katika ripoti yake yenyewe, kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa baada ya vita ile.

Jibu langu kwa fundi ni kwamba achonge mzigo na mtu aliye chini yake, sentimita 8 na nusu, kwa kipimo kile kile cha kifaru. Viwekwe rafu moja. Mtazamaji aone kwa jicho lake kwamba tani 36 za chuma za mwaka 1979 na kilo 25 za mwaka 1916 ni za historia moja, na kwamba aliyebeba alitumika kama aliyebebwa.

Wapo wanaohofu kwamba kumfundisha mtoto kuchonga silaha ni kumfundisha kupenda vita. Hofu hiyo ninaiheshimu, na kwa bunduki za plastiki za dukani nakubaliana nayo. Lakini nilichokiona Njombe ni tofauti. Silaha iliyojengwa mbele ya mtu aliyeiona ikiua haiwi mchezo. Mzee yule hakusimulia ushujaa hata mara moja. Alisimulia viatu, mvua, sufuria na jirani ambaye hakurudi.

Tena desturi ya kuheshimu kwa vitu tunayo. Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, viongozi na wazee huweka kwenye mnara mkuki na ngao, sime, upinde na mishale, shada la maua. Huko mwisho wa barabara hii, Songea, kila Februari 27 wanakumbukwa wapiganaji wa Maji Maji walionyongwa mwaka 1906, na makumbusho yao yanasimamisha sanamu za viongozi wale. Kaboya mkoani Kagera yako makaburi ya askari wetu wa mwaka 1978 na 1979. Taifa limewaheshimu kwa jumla. Kilichobaki ni kumheshimu mmoja mmoja, kwa jina, kijijini kwake, na kazi hiyo haiwezi kufanywa na Dodoma.

Inaweza kufanywa na Njombe na Makambako. Mbao zipo, mafundi wapo, na mtaala wa sasa wa sekondari una mkondo wa amali unaotaka mwanafunzi ajifunze kazi ya mikono kwa vitendo. Mwalimu wa useremala anaweza kuwapa vijana zoezi hili badala ya stuli moja zaidi: mtafute aliyekwenda vitani katika kijiji chako, au mjane wake, au mwanawe. Muulize alisafiri kwa nini. Kama ni lori, jenga lori. Kama ni basi la raia lililochukuliwa na serikali, jenga basi. Kama ni kifaru, hesabu magurudumu sawasawa. Kama ni miguu, chonga miguu. Mpelekee akusahihishe. Chini ya ubao andika jina lake, kijiji, kikosi, mwaka, alikotoka na alikofika. Kila shule itenge rafu moja, na kila Julai 25 rafu hiyo ipelekwe uwanjani na kuwekwa karibu na mikuki na ngao.

Haraka inahitajika. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 sasa anakaribia 70, na wa Keya karibu wote wameondoka. Yule mtoto wa stendi ya Makambako alimfinyanga babu yake bila kuweza kumuuliza alikaa upande gani wa gari. Wenzake wengi bado wana wa kumuuliza. Walimu, mafundi na wazazi wa mkoa huu wawape wavulana na wasichana hao mbao, patasi na maswali, waende wakaulize mwaka huu.